Kidari cha Kuku kwa Mama Zilpah

Jumapili, 3 Agosti 2025

Lynnet amepiga simu kutoka Homa Bay. Binti yangu wa pekee, muuguzi. Anasema Jumapili ijayo nitapata wageni: Omondi, kijana wanayependana, pamoja na mama yake Omondi. Kujuana tu, akasema. Hakuna kitu kinaitwa kujuana tu. Mama akitoka Homa Bay mpaka Mbita kumwona baba wa msichana, huyo anakuja kukagua.

Shida ni moja. Mama huyo, jina lake Zilpah, ana presha na amekatazwa mafuta. Mwaka jana alilazwa kwenye wodi ya Lynnet. Omondi akaja kumwona mama, akamwona na muuguzi. Chakula anachopenda sasa ni saladi yenye kuku wa kuchoma, vipande vyembamba, juu ya majani. Lynnet akauliza kama nitaweza au atafute njia nyingine. Nikacheka. Nikamwambia hicho ndicho chakula changu hapa. Kisha akauliza, "Baba, saladi?" Nikasema ndiyo, saladi.

Ukweli: najua kachumbari. Tena kuila, si kuikata.

Saa moja baadaye akapiga Onsongo, ndugu yangu mdogo, anayekaa Sindo. Habari amezipata wapi? Anasema wageni wapelekwe kwake kwa sababu ana jiko la kuchomea. Pipa lililopasuliwa katikati, likawekwa miguu na magurudumu. Tangu alinunue hazungumzi jambo lingine. Nikamwambia wageni wa binti yangu watakula nyumbani kwangu. Akasema sawa, kaka, lakini utachomea wapi? Nikakata simu. Mtandao mbaya, nitamwambia.

Nyakerario, marehemu mke wangu, aliniachia neno moja kuhusu mtoto huyu: siku watu wakija kwa ajili ya Lynnet, wasikute nyumba yetu imefungwa. Miaka sita sasa. Haitafungwa.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwomba Filister, mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga, ruhusa ya kuwasha moto uani. Amekataa kabla sijamaliza sentensi. Akanyoosha kidole ukutani, penye tangazo lake la rangi nyekundu: HAKUNA KUCHOMA NYAMA UANI. Tangazo hilo lilikuja baada ya Pasaka, pale cheche ziliporuka zikatoboa kanzu yake ya kwaya ikiwa kwenye kamba. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza siku hiyo. Ikabidi aimbe ameshika kitabu tumboni. Hakujua ni moto wa nani. Mimi nilisema nilimwona mtu wa ploti ya pili.

Basi nikapanga. Kama moshi hautatoka nje, Filister hatajua. Nimenunua jiko dogo la makaa, nikalibeba ndani nimelifunika na gunia la ndizi. (Nauza ndizi na avokado sokoni, zinaletwa na lori kutoka Kisii. Hakuna anayeshangaa akiniona na gunia.) Nikafunga mlango wa jikoni. Nikafunga dirisha. Nikaziba chini ya mlango na taulo. Nikawasha.

Mpango ulikuwa mzuri kwa dakika kumi. Halafu kichwa kikaanza kugonga. Macho yakajaa machozi. Kuku niliwaona wawili, na nilikuwa nimeweka mmoja. Nilipotaka kusimama miguu ikakataa. Nilitoka nikitambaa kwa magoti, nikafungua mlango wa mbele, nikalala na kifua kwenye kizingiti kama samaki aliyevuliwa.

Filister alikuwa kwenye kiti chake uani. Hakupiga kelele. Alijifunika pua na leso, akaingia, akafungua madirisha yote, akaliburuta jiko nje kwa ufagio, akalimwagia maji. Kisha akarudi akasimama juu yangu. Akasema, "Baba Lynnet, makaa ndani ya nyumba iliyofungwa huua mtu akiwa anatabasamu. Kama unataka kufa, hama kwanza."

Nimekunywa maziwa. Sijui kama yanasaidia. Kichwa bado.

Jumanne, 5 Agosti

Makaa basi. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Leo nimetumia umeme.

Wazo lilinijia sokoni nikipanga ndizi. Kuchoma ni nini? Ni chuma chenye moto kukutana na nyama. Nyumbani nina chuma chenye moto. Pasi!

Nimenunua kidari cha kuku wa gredi, yaani wa kisasa. Nikakifunga kwenye foili, nikakilaza juu ya meza, nikaiweka pasi kwenye alama ya kitani. Kitani ndiyo ya moto zaidi. Nikakandamiza. Kukatoka sauti tamu, tssss. Nilijiona mtu wa maana. Nilikaa nikikandamiza robo saa, nikawaza hotuba yangu ya Jumapili.

Nikafungua. Juu kijivu, kama godoro la hospitali. Ndani nyama mbichi, ya waridi. Foili ilikuwa imepasuka na maji yote ya kuku yameingia kwenye matundu ya pasi. Nikaichomeka tena ili ikauke. Kukalia pah! Stima ikapotea ploti nzima.

Filister ana friji ya samaki. Nilimsikia akiuliza kila mlango kama kwao pia imepotea. Alipofika kwangu nikamwambia kwangu ilitangulia kupotea, pengine ni hawa wa stima na mambo yao. Akanusa. Akaiangalia meza. Akaiangalia pasi. Akaenda kuwasha swichi kuu bila kusema kitu. Ingekuwa heri aseme.

Jumatano, 6 Agosti

Pasi ilikauka usiku, nikaipigia shati la kwenda nalo sokoni. Kosa. Paka wa sokoni wamenifuata mpaka kwa wauza omena, dagaa wa ziwani, na huko wakanichagua mimi badala ya omena.

Lakini nimepata dawa! Watu hawali kuchoma. Watu wanaona kuchoma. Ile mistari myeusi juu ya nyama ndiyo inamwambia mtu kwamba huyu kuku amechomwa. Basi: chemsha kuku vizuri, halafu mchore mistari. Nimechukua waya wa baiskeli, nikaupasha kwenye meko ya gesi mpaka ukawa mwekundu, nikachora. Mistari sita, imenyooka kama daftari la mtoto wa darasa la pili. Nikapanga juu ya majani ya kabichi. Kwa mbali, hasa ukifinya jicho, chakula cha hoteli.

Onsongo akatokea bila taarifa. Eti alikuwa anapita. Mtu wa Sindo anapitaje Mbita kwenye mlango wangu saa ya chakula? Nikaona huyu ndiye wa kumjaribia. Akatafuna kipande. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Akauliza kwa upole kama kuku alikuwa mgonjwa. Halafu akageuza kipande, akaona upande wa chini, mweupe kama sabuni, hauna hata mstari. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akapiga picha. Nikamwomba asiitume popote. Akasema hatatuma.

Saa kumi Lynnet akapiga. Hakunikemea, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kwa sauti ya wodini, ile anayowasemesha wagonjwa: "Baba, usijisumbue. Tuwapeleke tu kwa baba mdogo. Si lazima iwe kwako."

Nikamwambia ni lazima. Akauliza kwa nini. Sikuweza kumwambia neno la mama yake kwenye simu, sauti ingenitoroka. Nikasema nimeshanunua majani.

Akanipa mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikwenda sokoni. Nimekaa jikoni nikiangalia kidari cha mwisho, chenyewe kikiniangalia.

Saa tano Filister akabisha. Akauliza mimi na kuku tuna ugomvi gani, maana tangu Jumatatu ananusa harufu za kila aina isipokuwa ya chakula. Nilitaka kumwambia nafanya utafiti. Badala yake nikamweleza yote: Lynnet, Mama Zilpah, presha, saladi, Onsongo na pipa lake. Hata la Nyakerario nikamweleza. Alisikiliza amesimama. Kisha akavuta kiti.

Kumbe Filister alipika miaka kumi na tisa kwa masista wa Kikatoliki, huko upande wa Lambwe! Nimekaa ploti hii miaka minane sijui. Sikuwahi kumuuliza.

Akasema atanifundisha, lakini kwanza kuna neno anataka kusikia kutoka kwangu, nalo analijua, na mimi nalijua. Nikaangalia dari. Nikasema ile kanzu ya kwaya, huenda upepo ulibeba cheche kutoka upande ambao, ukiangalia vizuri, ulikuwa karibu na mlango wangu. Akangoja. Nikasema ilikuwa mimi. Akasema, "Najua. Mtu wa ploti ya pili hali nyama." Akakunja mikono ya blauzi.

Naandika hapa nisisahau:

Kikaango cha chapati, kile kizito. Nilikuwa nacho muda wote! Kilikuwa kinaning'inia juu ya kichwa changu nilipokuwa natambaa.

Kidari kipasuliwe kwa ubapa, kifunguke kama kitabu. Kifunikwe na karatasi ya nailoni kigongwe na chupa mpaka kilingane unene pande zote. Upande mnene ndio hubaki mbichi, mwembamba unakuwa kamba.

Ndimu, kitunguu saumu, chumvi kidogo tu kwa sababu ya presha, pilipili manga. Kijiko cha chai cha mafuta kipakwe kwenye nyama, kisimwagwe kwenye kikaango. Kidari kilale humo nusu saa.

Dirisha wazi. Kikaango kwenye gesi mpaka tone la maji likidondoka likimbie kama limefukuzwa. Weka nyama. Halafu USIGUSE.

Niligusa. Nilitaka kuona kama inaiva. Ikapasuka, nusu ikabaki imeng'ang'ania chuma. Filister akasema nyama ikiwa tayari inajiachia yenyewe, na anayeivuta kabla ni mwizi. Akanipeleka kununua kidari kingine. Kwa hicho nilikaa nimeikalia mikono yangu. Dakika nne. Nikageuza. Rangi ya kahawia iliyoiva, kingo nyeusi kidogo! Dakika nne tena, kifuniko juu, moto chini. Akachoma na uma, maji yakatoka meupe, safi. Yakitoka ya waridi, unarudisha. Halafu kupumzisha juu ya ubao, dakika tano, bila kukata. Hii ndiyo ngumu kuliko zote.

Tukala tumesimama. Sikuamini. Kuku wa kuchoma, ndani ya nyumba, bila moshi wa kumuudhi mtu.

Nimempigia Lynnet. Nimemwambia aje na wageni. Akauliza nina uhakika? Nikasema mwambie Onsongo apumzike.

Sabato, 9 Agosti

Kanisani. Hakuna kupika leo, sisi Waadventista tunapumzika. Mchungaji akauliza nani ana ombi. Nikasimama nikasema nina jambo linalohusu moto. Wamama wakaniombea sana, nadhani wakidhani ni jehanamu.

Jua lilipozama nikagonga vidari vinne. Niligonga kwa furaha. Filister akagonga ukuta kunijibu.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike yote kama yalivyotokea.

Saa sita na nusu walikuwa mlangoni. Mama Zilpah ni mama mrefu, mpole, anatembea akihesabu hatua kwa sababu ya magoti. Omondi kimya, viatu vinang'aa. Lynnet alivaa gauni la kijani, na alipogeuka kufunga mlango nikaona mgongo wa Nyakerario. Nikajifanya natafuta viti.

Onsongo pia alikuja, akiwa na hotipoti imejaa kuku wa pipa lake. Eti ikiwa tu itahitajika.

Nikapika. Sikugusa. Vidari viwili vikajiachia vyenyewe. Nikapumzisha, nikakata vyembamba, nikapanga juu ya majani, nyanya, matango na avokado zangu mwenyewe, nikakamua ndimu. Nikaleta mezani pamoja na ugali kwa wasioamini majani. Mama Zilpah akaomba, akaonja. Akafumba macho. Akala tena. Sahani yake ikaanza kuonekana chini. Onsongo hakufungua hotipoti. Lynnet alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akisoma gazeti.

Ningenyamaza hapo. Siku ingekuwa imekwisha.

Mama Zilpah akauliza, "Baba, hii umechomea wapi?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Lakini Onsongo alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Nyuma ya nyumba. Nina jiko langu la kuchomea. Kubwa kuliko la Onsongo."

Mama Zilpah akaweka uma chini. Akasema basi, haitamsaidia. Akaeleza kwamba yeye Homa Bay anakaa ghorofa ya tatu, hakuna ua, na mwenye nyumba hataki moto kwenye baraza. Tangu atoke hospitali anakula kuku wa kuchemsha kila siku kama mtu ambaye bado amelazwa. Alipoona hapa ni ploti iliyobanana, alidhani labda mzee huyu ana njia ya kupikia ndani. Alikuwa ameanza kufurahi. Lakini sawa, akasema, hebu tulione hilo jiko.

Akasimama, na magoti yale. Wote wakasimama. Tukatoka mpaka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na tangi la maji, kamba ya nguo, na kuku wa Filister na vifaranga wake.

Nikasema limeibiwa.

Onsongo akauliza lini. Nikasema sasa hivi, tukiwa mezani. Akasema, "Jiko kubwa kuliko langu, lina moto, limebebwa mchana, na geti limefungwa?" Filister, aliyekuwa amekaa uani, akainuka kwenye kiti chake. Hajawahi kuibiwa kitu kwenye ploti yake, akasema, tangu aijenge. Jiko gani? La nani? Akatoa simu kumpigia mzee wa nyumba kumi. Omondi, kijana mwema, alikuwa ameshakunja suruali ili apande ukuta amtafute mwizi.

Nikamwangalia Lynnet. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa anaomba kwa macho nisimfanye achague kunicheka mbele ya watu wake.

Nikasema, "Hakuna jiko. Hakujawahi kuwa na jiko. Ni kikaango cha chapati, juu ya gesi. Na mimi sikujua kupika mpaka Alhamisi. Filister huyu ndiye alinifundisha."

Vifaranga wakapita katikati yetu. Onsongo akafungua mdomo, Lynnet akamwangalia, akaufunga.

Mama Zilpah akasema, "Kikaango gani?"

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Akaingia jikoni mbele yangu, akakishika kikaango, kikiwa bado na joto, akakipima uzito. Akasema hiki ninacho. Kiko kabatini. Akauliza kama kuna nyama imebaki. Vilibaki vidari viwili. Akavua saa, akanawa mikono.

Nikamfundisha. Mimi! Nikamwonyesha tone la maji linavyokimbia. Akaweka nyama, ikalia tssss, na baada ya dakika moja nikanyoosha mkono kuinua kidogo kando. "Usiguse!" wakasema yeye na Filister kwa pamoja, mmoja kwenye meko, mwingine mlangoni. Kilipojiachia alicheka kama msichana. Kilikuwa kizuri kuliko changu, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Akakaa kwenye stuli ya jikoni akala kwa vidole. Kisha akasema polepole kwamba mzee wake alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyempikia. Akafikiri. "Hata yeye hakuwahi."

Nikamwambia na mimi sikuwahi kumpikia wangu. Ndiyo mara ya kwanza nimelisema. Nikamwambia pia lile neno la Nyakerario kuhusu nyumba kufungwa. Lynnet alikuwa nyuma yangu na sahani, sikujua. Hakulijua neno hilo. Sahani alizitia kwenye maji, akasimama pale akiziosha muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Wakati wa kuondoka Mama Zilpah alisema wazee wa kwao watakapokuja kwa mazungumzo, watakuja hapa. Ero kamano, akasema, asante, akanishika mkono kwa mikono miwili. Onsongo alibeba hotipoti yake ikiwa nyepesi, maana nilikuwa nimekula mapaja mawili. Ni matamu. Sitamwambia.

Getini Lynnet akaninyooshea kola. Akasema, "Baba, ungesema ukweli ule wa kwanza, kwenye simu, ungeokoa wiki nzima na pasi." Nikasema nimesikia. Akasema, "Umesikia kweli?" Nikasema kweli kabisa.

Jumanne, 12 Agosti

Wiki imeanza vizuri. Mama Zilpah alipiga simu jana, alikuwa na kikaango mkononi. Amewaambia wamama wa ghorofa yake yote.

Sokoni nao wamesikia. Wamama wawili wa kanisani waliniuliza kama ni kweli naweza kuchoma kuku bila moto wa nje. Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Wakauliza kama nitawafundisha. Nikasema nitafungua darasa. Nimeandika tangazo lenye jina langu nikalibandika mlangoni: MPISHI KEROSI. MAPISHI YA KISASA BILA MOSHI. UZOEFU WA MIAKA MINGI. Wameshajiandikisha kumi na mmoja, kwa Jumapili.

Filister alilisoma tangazo taratibu, mpaka mwisho. Akauliza miaka mingi inaanzia lini. Nikamwambia ni lugha ya biashara. Akauliza, baada ya kuku nitawafundisha nini, maana kuku ni nusu saa tu. Sikuwa nimefikiria. Nikasema keki. Keki ya harusi, ya ngazi tatu, kwenye sufuria. Akauliza nimewahi kupika keki.

Nikamwambia nilizaliwa nayo mkononi.

Basi, natoka kidogo. Nakwenda kumuuliza mtu wa duka la unga, kwa kuzungukazunguka asijue, kama mayai huwekwa na maganda.